Supavaiza na Foklifti ya Kuazima

Nianze na sikio lake, maana nililijua sikio kabla sijamjua mwenyewe. Alikuwa analichokoa na kifuniko cha biro. Anakizungusha polepole, macho yamefungwa nusu kama mtu anayesikiliza wimbo, halafu anakitoa, anakiangalia kwa mwanga, anakipangusa kwa koti lake la kaki, anakirudisha kwa biro. Biro hiyo hiyo anakupa uweke sahihi. Miaka minne nimeweka sahihi na hiyo biro na sikuwahi kumwambia kitu, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na pia, haki ya Mungu, alikuwa amenifanyia mazuri. Hayo nayo nitayasema. Sitaki mtu aseme Mama Kui ana chuki tu.

Tulimwita Supavaiza. Tukiwa na haraka, Supa. Jina lake nalijua na la baba yake nalijua, lakini hapa siliandiki, na si heshima inayonizuia. Nikiliandika atasema nimemchafua, na huyo mzee hakuna kitu alikiogopa duniani kama kuonekana mchafu. Kuwa mchafu hakukumsumbua.

Kazi yetu ilikuwa Ruiru, kwa godauni moja kubwa kando ya Bypass, mbele kidogo ukitoka Kamakis, mahali moshi wa nyama choma unakufikia lakini nyama haikufikii. Matrela ya Mombasa yanaingia mlango wa mbele yakiwa na sabuni, mafuta ya kupika, unga, nepi, kila kitu. Nyuma yanangoja makenta, yale malori madogo, ya kwenda Thika, Gatundu na Murang'a. Katikati ni sisi. Kilichotoka kwa trela kinapita mikononi mwetu, kinagawanywa, kinaingia kwa kenta ya mtaa wake. Mzigo haufai kulala kwetu. Ukilala, kuna mwenye duka Kamenu anawaambia wateja sabuni hakuna.

Mimi nilikuwa karani wa mlango wa tatu. Naangalia katoni zinazoingia kwa kenta, naweka alama ya chaki, naweka sahihi kwa ubao, kenta inaondoka. Nikitoka pale bila mtu wa kunishikia, mlango wa tatu unasimama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na hapo ndipo maneno yote yalianzia.

Sasa mazuri yake. Nilirudi kazini Kui akiwa na miezi mitatu. Nilimwacha kwa deikea ya mama mmoja anayeshikia watu watoto kwenye ploti za nyuma, dakika tano ukitembea, tatu ukikimbia. Siku ya kwanza Supavaiza aliniangalia blauzi, akaangalia pembeni haraka, kama mzee wa kanisa, maana alikuwa mzee wa kanisa kweli.

"Mtoto bado ananyonya?"

"Ananyonya, Supa."

"Saa tano nenda. Nusu saa. Ubao nitashika mimi."

Hakuna aliyemwamuru. Na si siku moja. Kila siku saa tano asubuhi alikuja mlango wa tatu, akachukua ubao na chaki mkononi mwangu, akasema, "Kimbia, huyo mtoto hajui mambo ya foleni." Nikirudi napata katoni zina alama zake, kubwa kubwa kama za mtu anayeandika ukutani. Nilimwombea huyo mtu. Kwa magoti, usiku, nikiwa nimechoka, nilimwombea kwa jina lile ambalo leo siliandiki.

Kingine ambacho siwezi kumnyima ni kichwa. Alikuwa anasimama kwa geti, trela halijaonekana, anasikiliza injini huko Bypass na kusema, "Huyo ni yule dereva wa Voi. Gia ya tatu inalia. Ana mafuta ya kupika, na amekasirika." Trela likiingia ni yeye, mafuta ya kupika, na uso umekunjwa. Angeangalia rundo la katoni lililo sakafuni, aangalie kenta tupu, aseme, "Itaingia, ibaki nafasi ya katoni mbili." Inaingia, inabaki nafasi ya katoni mbili. Alijua saa ya kila kitu. Alijua wapakiaji wanachoka saa ngapi, mvua ikinyesha tunapoteza muda gani, na foklifti yetu, ile mashine ya kuinua mizigo, inakubali kazi mpaka lini.

Hiyo foklifti tulikuwa tunaiita Shosho, yaani nyanya, kwa sababu ilikuwa nzee na inakohoa. Ikifika saa tano asubuhi ilikuwa imepata joto mpaka usukani hauguswi, na ilikuwa lazima izimwe nusu saa ipoe. "Shosho anapumzika," tunasema, na wanaume wanainua katoni kwa mikono, wengine wanamalizia chai. Shosho na mimi tulikuwa tunapumzika saa ile ile. Hilo sikulifikiria wakati huo.

Na alikuwa na msemo. Watu wengine wana misemo ya kujenga, huyu wake ulikuwa, "Mgeni haonyeshwi choo." Tajiri mwenye kampuni akisema analeta wageni, Supavaiza alikuwa mtu mwingine. Maji yanamwagwa kwa vumbi. Paleti zilizovunjika, zile mbao za kupangia katoni, zinabebwa mbio nyuma ya choo na kufunikwa turubai. Wapakiaji wenye nguo zilizoraruka wanaambiwa wasimame ndani ya trela, gizani, mpaka wageni waende. Tajiri hakuwahi kuamuru hayo. Yeye alikuwa anasema tu kuna wageni.

Baba Brayo, kiongozi wa wapakiaji, mtu wa Gatundu mwenye mdomo usio na breki, alimuuliza siku moja, "Supa, na siku mgeni akishikwa na tumbo tutafanya nini?"

"Atajikaza. Si yeye ni mgeni?"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikikumbuka hicho kicheko natamani kutema mate.

Basi wageni wakubwa wakaja. Tajiri alikuwa amechoka na kelele za wenye maduka, mizigo inachelewa, matrela yanakaa kwa geti. Akaleta watu wa kompyuta kutoka Nairobi. Mkubwa wao alikuwa binti mdogo kwangu, viatu vya mpira, kitabu kidogo mkononi na saa ya kupimia ikining'inia shingoni kama refa. Alituambia wazi kabisa anachotaka. Watatupima siku mbili: trela linafunguliwa kwa muda gani, foklifti inaenda na kurudi kwa muda gani, karani anaweka sahihi kwa muda gani. Halafu watajenga godauni yetu ndani ya kompyuta, wanaita simulesheni, na huko ndani watajaribu kila njia ya kupanga malori mpaka wapate iliyo nzuri.

"Fanyeni tu kazi vile mnafanyanga," alisema. "Msinifanyie sherehe. Kompyuta haijui chochote, itaamini kile nitaiambia."

Alisema hivyo, Supavaiza akiwa amesimama kando yake, kofia mkononi, anaitikia kwa kichwa.

Asubuhi ya kupimwa nilifika nikadhani nimepotea njia. Sakafu imeoshwa. Wapakiaji wazee wamepewa ofu, mahali pao wameletwa vijana wa shifti ya jioni, waliokula na kulala. Na Shosho haonekani. Amesukumwa nyuma ya choo, amefunikwa turubai pamoja na zile paleti. Katikati ya godauni kuna foklifti mbili mpya, za manjano, zinang'aa kama peremende. Supavaiza alikuwa ameziazima godauni jirani, ambako supavaiza wao alikuwa ndugu yake wa kanisa.

"Leo hakuna chai," alitwambia. "Chai mtakunywa Jumatatu."

Saa tano ikafika. Niliangalia saa, nikamwangalia yeye. Akaja karibu, akaongea kwa sauti ya chini, sauti tamu.

"Mama Kui, leo na kesho tu. Wageni wakienda, utarudia mambo yako."

"Supa, mtoto atalia."

"Mtoto kulia ni mapafu yanakua. Siku mbili tu. Unataka waone mlango umesimama kwa sababu ya titi?"

Nikakaa. Siku mbili nikakaa. Sitajificha nyuma yake, mimi pia nilikuwa kwa hiyo sherehe. Nilipiga chaki kama mtu anayefukuzwa na nyuki, na yule binti akapita na saa yake, akaniandika kwa kitabu.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kutuonyesha. Aliweka laptopu juu ya katoni za unga tukaizunguka. Nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Ulikuwa unaona godauni yetu kutoka juu, kama ndege. Matrela yanaingia kama siafu, foklifti mbili za manjano zinakwenda na kurudi, watu ni vidoti vya rangi. Na kwa pembe kuna saa inakimbia, siku nzima inaisha kwa dakika chache.

"Hapa ndani naweza kuleta matrela kumi kwa mara moja na hakuna anayeumia," binti alisema. "Tunakosea huku, ndio tusiwakosee nyinyi huko nje." Akaniwekea kidole kwa mlango wa tatu. "Sistee, huyu ni wewe."

Kidoti cha kijani. Baba Brayo akainama. "Mama Kui, hata kwa kompyuta umenona!"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia ile saa ya pembeni. Saa nne ikapita. Saa tano ikaingia. Nilikingoja hicho kidoti kitoke, kikimbie nyuma, kivuke barabara. Hakikutoka. Saa sita, kiko pale. Saa nane, kiko pale.

"Huyu haendi mahali?" nikauliza.

"Aende wapi?" binti akauliza, ananiangalia vizuri.

Supavaiza akakohoa nyuma yetu. "Huyo ni mfanyakazi mzuri," akasema. "Hasongi."

Nikanyamaza. Ngai, kama kuna dakika moja ningepewa niirudie, ni hiyo.

Ratiba mpya ikabandikwa ukutani. Kila trela sasa lilikuwa na saa yake ya kuingia, na kila kenta saa yake ya kutoka, zimefuatana bila hata nafasi ya kupenya sindano, kwa sababu hao wa kompyuta walikuwa wameona vijana wasiochoka, foklifti mbili mpya, na karani asiye na mtoto. Supavaiza naye akapandishwa ofisi ya kioo, akapewa skrini yake. Mtu wa kushika ubao hakuwepo tena. Siku ya kwanza, saa tano, nilipanda ngazi nikagonga kioo.

"Supa, saa yangu imefika."

"Ratiba imetoka kwa kompyuta, Mama Kui."

"Kompyuta haikujua. Wewe ulinikataza kwenda. Waambie."

Akatoa kifuniko cha biro. Akachokoa upande wa kulia, akaangalia alichopata, akapangusa.

"Niwaambie nini? Kwamba tuliwadanganya?" Akashusha sauti. "Rudi mlangoni. Trela halingoji titi."

Huyu ndiye mtu niliyemwombea.

Choo cha wanawake pale kilikuwa kimoja, mlango haufungi, unauzuia na mguu. Humo ndimo nilikuwa naenda, dakika ambazo mtu anaruhusiwa kwenda haja, kifua kimekuwa jiwe, blauzi imelowa na vumbi la chaki limegeuka uji juu yake. Nilikuwa nakamua kwa sinki. Mguu mmoja kwa mlango, pua imejaa harufu ya mkojo na ya dawa ya kusafishia, na maziwa ya mtoto wangu yanashuka kwa lile tundu jeusi pamoja na nywele za watu. Kui yuko dakika tatu kutoka hapo, analia. Wakati mwingine, upepo ukiwa wa upande huo, nilikuwa nahisi kama namsikia. Labda nilikuwa najidanganya. Mwenye deikea aliniambia jioni moja, "Mama Kui, leo amelia mpaka sauti ikaisha. Nimempa uji wa chupa, usinikasirikie." Ningemkasirikia nani?

Shosho alirudi kazini siku ile ile foklifti za watu ziliporudishwa, na ikifika saa tano alizima. Ratiba au hakuna ratiba, alizima. Chuma kilikataa. Mimi sikukataa. Nusu saa nzima mlango wa tatu ulikuwa haupati mzigo, nimesimama na chaki yangu naangalia sakafu tupu, na bado siruhusiwi kuondoka, kwa sababu kwa skrini ya Supavaiza mzigo ulikuwa unapita.

Matrela yakaanza kujaa. Yalikuja kwa saa zake, yakatukuta bado tuko na ya saa zilizopita. Foleni ikatoka geti, ikaingia barabarani, ikashuka mpaka madereva wakawa wanapika chai chini ya matrela na kuanika soksi kwa vioo. Makenta ya Thika yakaondoka nusu tupu ili yasivunje ratiba. Na unajua huyu mzee alifanya nini? Kila jioni alijaza fomu ya watu wa kompyuta. Aliandika saa ambazo kompyuta ilizitaka. Trela limeingia saa nne, aandike saa mbili. Kwa ile fomu, godauni yetu ilikuwa inaenda kama maji.

Baba Brayo alimwambia mbele ya watu, "Supa, wewe ndiye unajua hii kazi kuliko sisi wote. Si uwaambie tu?"

"Na wakishajua mna foklifti moja mbovu na wazee wanaopumzika, mtakuwa hapa Jumatatu?" Supavaiza akajibu. "Mimi nawaficha na nyinyi mnataka kujianika."

Wanaume wakarudi kwa katoni zao. Hata mimi nilikaribia kuamini kwamba kunyima mtoto maziwa ni njia ya kumlinda.

Wiki zikapita. Kuna jioni nilimchukua Kui, nikakaa naye kitandani, nikampa. Akavuta. Akavuta tena. Akaacha, akaniangalia usoni, kama mtu anayeangalia duka lililofungwa, halafu akaanza kulia. Nikajaribu upande wa pili. Nilikunywa supu, nilikunywa uji wa wimbi, nilikunywa kila kitu wamama waliniambia. Yalikuwa yameisha.

Binti wa kompyuta alirudi siku ya mvua bila kumwambia mtu. Fomu za Supavaiza zilikuwa zinamwambia kila kitu ni sawa, lakini yeye mwenyewe alikuwa amepita Bypass akaona matrela yamelala kando kama ng'ombe. Akasimama mlango wa tatu, maji yanamtiririka, akaniuliza, "Sistee, nimekosea wapi? Nimeangalia hesabu zangu mara ngapi sijui. Nimekosea wapi?"

Supavaiza alikuwa ofisini kwake, anatuangalia kupitia kioo. Aliniona nikimwona. Akatikisa kichwa pole pole, hapana.

Nikamwambia yule binti, "Kuja nikuonyeshe choo."

Nikampeleka. Nikamwonyesha sinki. Nikamwambia ninachomwaga pale, au tuseme nilichokuwa namwaga, maana sasa hakukuwa na kitu. Nikamtoa nje nikamwonyesha turubai na paleti na alama za magurudumu mahali Shosho alifichwa. Nikamwambia za manjano ni za jirani. Nikamwambia kuhusu chai, na wazee waliopewa ofu. Nilisema kila kitu kwa sauti, mvua inanyesha, na sikulia. Yeye ndiye alilia kidogo, halafu akakasirika.

"Kwa nini hamkuniambia? Ningeweka nusu saa yako humo ndani. Ni kazi ya kubonyeza tu!"

"Ulikuwa mgeni," nikamwambia.

Alipima upya, wiki nzima, na Shosho mwenyewe, na wazee wenyewe, na chai. Akaja na laptopu yake tena tukaizunguka. Safari hii foklifti ilikuwa moja na saa tano ilisimama, na kidoti cha kijani kikatoka mlango wa tatu, kikavuka, kikapotea, kikarudi. Binti alikuwa amejaribu njia zote, na mimi nipo na mimi sipo. Akatuonyesha. Nusu saa yangu haikuwa inachelewesha hata kenta moja, kwa sababu saa hiyo Shosho amezima na mlango hauna mzigo. Akasogeza saa za matrela mawili tu, na ile foleni ya geti ikaisha mbele ya macho yetu.

Ilikuwa rahisi hivyo. Na Supavaiza alikuwa anaijua. Mtu anayejua gia ya dereva wa Voi, atashindwa kujua hiyo? Alikuwa nayo kichwani tangu mwanzo, akiichokoa na kifuniko cha biro.

Hakuna aliyefukuzwa. Yale yote aliyotutisha nayo hayakutokea. Wakaleta foklifti nyingine, iliyotumika lakini nzima. Nikarudishiwa nusu saa yangu, kwa maandishi, na muhuri. Maziwa hayakurudi. Saa tano nilikuwa naenda deikea nakaa na Kui, namshikia chupa.

Yeye alistaafu mwaka huo huo. Alikatiwa keki, akapewa blanketi, tajiri akasema ni nguzo. Alipiga mluzi wa wimbo wa kanisa akitoka na blanketi lake begani, na mimi nikafagia makombo ya keki.

Nilimwona tena mara moja. Baba Brayo alileta ujumbe kwamba mzee ana ruracio, posa ya binti yake wa pili, na anaomba wamama wa godauni wakamsaidie kupika nyumbani kwake Kamenu, huko Thika, Jumamosi. Wenzangu walienda kumenya viazi. Mimi nilienda kumwambia maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Ruiru mpaka Thika, Kui amenilalia mapajani.

Boma lake lilikuwa limemwagwa maji kuzuia vumbi. Viti vyeupe vya plastiki vilikuwa vimepangwa mistari miwili, vyote vina jina la kanisa kwa mgongo. Supavaiza alikuwa amevaa suti, anapita katikati ya viti akivinyoosha. Alikuwa amezeeka haraka. Kwa mfuko wa koti, ile biro.

"Mama Kui! Na huyu ndiye Kui? Anatembea! Si nilikuambia mtoto hafi kwa kulia?"

Maneno yangu yote yakanikimbia. Nikabaki na moja.

"Yalikauka, Supa."

Akaelewa. Akaangalia viti. "Ungekuwa mimi ungefanya nini?" akasema. "Nilikuwa na watu wengi chini yangu. Mtu analinda boma na vile anaona." Na sauti yake haikuwa ya uongo. Hicho ndicho kilinichefua zaidi, kwamba mzee aliamini.

Kui akanivuta sketi, anataka choo. Nikauliza kiko wapi. Supavaiza akashtuka.

"Mpeleke kwa jirani. Hicho chetu... si kizuri."

"Nimezoea vyoo vibaya," nikamwambia, nikazunguka nyumba.

Nyuma, katikati ya choo na ukuta wa mabati, kulikuwa na turubai limefungwa kama kibanda. Chini yake ameketi msichana juu ya mtungi wa maji uliolazwa, na mtoto mchanga kifuani. Uso ulikuwa wa Supavaiza mtupu, lakini mdogo. Nzi wanamzunguka.

"Sasa," nikamsalimu.

"Poa."

"Mbona uko huku na nyumba iko?"

"Wageni wa dada wanakuja." Akafunika mtoto kidogo na leso. "Baba amesema nikae hapa mpaka waende. Mimi sina mtu, unaona. Akilia nimpe titi, asisikike."

Nilimpeleka Kui choo. Kilikuwa choo tu, kama vyoo vingine. Halafu nikarudi mbele, nikaenda moja kwa moja kwa mstari wa kwanza, mahali pa wazee wa upande wa mume, nikainua kiti cha katikati.

"Mama Kui, hicho ni cha wageni," Supavaiza akasema. "Wako njiani. Wamefika Blue Post."

"Najua."

Nikakibeba kichwani mpaka nyuma, Kui ananifuata. Nikakiweka chini ya turubai, nikakipangusa na mkono.

"Keti vizuri unyonyeshe," nikamwambia yule msichana. "Na ukitaka kukaa mbele, beba kiti chako uende."

Akakaa. Akaegemea, akafunga macho. Mtoto hakuacha hata kuvuta.

Nilipozunguka nyumba kutoka, magari yalikuwa yanapiga honi kwa geti na wamama wameanza kuimba. Supavaiza alikuwa ameinama kwa mstari wa mbele, anasogeza viti kimoja kimoja, hiki huku kidogo, kile kule kidogo, mpaka pengo likaisha.